Geti la Mbithe

Gichuru alizima mashine yangu ukutani bila kuniuliza. Hakuna mtu huzima mashine ya fundi wa kuchomelea akiwa kazini. Niliinua kinga ya uso nikiwa na maneno makali mdomoni, nikamwona amesimama kando ya swichi, mkono mmoja bado uko ukutani, na mwingine umeshika kofia yake. Baadaye aliniambia alikuwa ameniita mara nne.

"Fundi, wamepiga simu kutoka Kajiado."

Gichuru alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara ya Namanga, na simu ya duka lake ndiyo ilikuwa simu ya sisi sote wa upande ule wa Kitengela. Nilimwuliza kama ni keki, kama imevunjikia njiani. Hilo ndilo nililouliza. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa sita, mwaka wa 2001, na mke wangu Mbithe alikuwa ameondoka asubuhi kupeleka keki ya ubatizo kwa karani mmoja wa Kajiado aliyeitwa Oyoo.

"Keki ilifika," Gichuru akasema. Halafu akatazama chini.

Mbithe alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya jikoni ya kanisa, akaomba maji ya kunywa. Msichana aliyeenda kuchota aliporudi na kikombe, Mbithe alikuwa ameegemeza kichwa ukutani kama mtu anayesinzia. Hospitalini walisema ni presha. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Haya yote niliambiwa baadaye na watu tofauti. Mmoja alisema kikombe kilikuwa cha bati, mwingine akasema cha plastiki ya kijani, na mimi nikawa nawasikiliza kana kwamba jambo la kujua lilikuwa hilo la kikombe.

Nilichofanya siku ile ni kumaliza kazi. Geti lililokuwa mbele yangu lilikuwa limebaki kona moja. Nilimwambia Gichuru awashe mashine. Aliniangalia kwa muda, akaiwasha. Nilichomelea ile kona, nikaigonga kuondoa maganda ya chuma, nikavua glavu, nikaziweka mahali pake. Geti hilo bado liko kwenye ploti moja nyuma ya soko la ng'ombe. Nikipita huwa naitazama ile kona. Imenyooka kuliko zile nyingine tatu.

*

Mbithe alikuwa na chombo chake cha kupikia keki ambacho nilimtengenezea mimi, na ni lazima nikieleze, kwa sababu sijaona kingine kama hicho kwa mtu.

Miaka ile ya tisini Kitengela ilikuwa upepo, vumbi, na nyumba chache zilizojengwa mbalimbali. Hatukumjua mtu yeyote mwenye oveni. Aliyetaka keki aliiweka ndani ya sufuria juu ya jiko la makaa, akafunika, halafu akapanga makaa mengine ya moto juu ya kifuniko ili upande wa juu nao uive. Mbithe alipika hivyo, na alipika vizuri, mpaka Jumapili moja ya mwaka wa 1993 kanisa letu lilipofanya harambee ya kuchangia mabati. Keki yake ndiyo iliyokatwa mbele ya wageni. Alipokuwa akiipika kifuniko kilimponyoka na jivu likaingia. Akalikwangua, akadhani limeisha. Mgeni wa heshima akauma kipande cha kaa, tukakisikia kikivunjika mpaka viti vya nyuma. Wiki nzima watu walimwuliza Mbithe ile keki ya nyama choma inauzwa wapi.

Jumatatu iliyofuata alikuja kwenye karakana yangu, akasimama mbele ya geti nililokuwa nikilipaka rangi.

"Baba Mutheu, wewe si unatengenezea watu mageti?"

"Ndiyo."

"Na geti likishafungwa, hata ulipindue, haliachani."

"Kama ni langu, haliachani."

"Basi tengenezea keki yangu geti. Nataka niigeuze kwa moto bila kuifungua."

Nilikuwa na mabaki ya bati nene niliyotumia kwa geti la Mzee Kakuta wa Isinya. Nilikata duara mbili, nikazipinda kingo kwa nyundo mpaka zikawa kama sufuria mbili fupi, kila moja vidole vinne kwenda juu. Nikazifunga pamoja kwa bawaba upande mmoja, bawaba ileile ya madirisha madogo. Upande wa pili nikaweka mikono miwili mirefu ya nondo inayokutana, na pete ya kuitelezesha juu ya mikono hiyo ili kitu kifungike. Unamimina unga uliokorogwa upande wa chini, unafunika kwa upande wa juu, unaweka juu ya jiko. Upande wa chini ukishashika, unaikamata mikono yote miwili, unainua, unapindua, unarudisha motoni. Hakuna makaa juu. Hakuna jivu.

Mbithe alikiinua akayumba.

"Baba Mutheu, hii ni ya kupika keki ama ya kufungia wezi?"

"Ulisema geti."

"Nilisema geti, sikusema jela."

Jina likabaki hilo. Nyumbani tulisema, "Mutheu, leta geti," na wageni wakageuka kutazama mlangoni.

Miezi ya kwanza kila keki iligandama. Mbithe hakulalamika. Alikipaka mafuta, akakitia moto mpaka kikatoa moshi, akakipangusa kwa kitambaa kikavu, akarudia. Hakukiosha kwa sabuni hata siku moja. Polepole ndani yake pakaingia weusi, kisha weusi huo ukaanza kung'aa, na ikafika wakati ukifungua geti, keki inateleza yenyewe kama mtoto anayeshuka kitandani. Arusi, ubatizo, watoto waliofaulu mitihani, mwalimu anayestaafu. Watu walimjia kutoka Athi River hadi Isinya.

Kilichowafurahisha wengi ni namna alivyojua wakati wa kugeuza. Ukigeuza mapema, uji unavuja kwenye bawaba. Ukichelewa, chini inaungua. Mbithe hakuwa na saa. Alisukuma kitambaa cha kichwa nyuma, akainama, akaleta sikio karibu na chuma, karibu sana hata ukaogopa.

"Keki mbichi inaongea," aliwaambia wateja. "Sikiliza. Ikinyamaza, geuza."

Siku moja, mwaka wa 1996 nadhani, aliniita. Alikuwa peke yake jikoni, na unga kwenye nyusi.

"Njoo uweke sikio hapa."

Niliinama. Nilisikia kile ambacho tayari nilikuwa nikisikia kila siku, mchana kutwa, hata kukiwa kimya: mvumo mmoja kama wa posho mill, mashine ya kusaga unga, iliyo mbali. Nyundo na grainda ya kusugua chuma zilikuwa zimeyala masikio yangu kidogokidogo, na sikuwa nimemwambia mtu. Niliwatazama watu midomo, na nilicheka walipocheka.

"Unasikia?" Uso wake ulikuwa karibu na wangu.

"Ndiyo."

"Inafanya nini?"

"Inaongea," nikasema.

Alifurahi sana. Alinipiga begani kwa mkono uliojaa unga, alama ikabaki kwenye ovaroli. Tangu siku hiyo, mteja akimwambia anadanganya, alijibu, "Muulize Baba Mutheu. Hata yeye anaisikia." Na mimi nikiulizwa niliitikia kwa kichwa. Miaka mitano.

*

Tulimzika kwetu Kilungu siku ya Alhamisi. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Udongo ulikuwa mwekundu, na watu walikula, na mimi nilipewa kiti chenye mto.

Nilirudi Kitengela na binti yetu Mutheu, ambaye shule yake ya bweni kule Kajiado ilimruhusu akae nyumbani mpaka mwisho wa mwezi. Alikuja pia Kavutha, dada mkubwa wa Mbithe, aliyesema hawezi kuniacha nikae na msichana bila mtu wa kupika. Kavutha ni mtu wa kuongea. Aliongea akifagia, aliongea akiomba, aliongea akiwa na pini za nywele mdomoni. Nilishukuru, kwa sababu nyumba haikunihitaji niseme lolote.

Jumatatu nikaenda karakana. Kabla ya kutoka nilipita jikoni. Geti lilikuwa juu ya jiko baridi, wazi, kama alivyoliacha Ijumaa ile baada ya kuitoa keki ya Oyoo. Kwenye bawaba palikuwa na makombo. Nililichukua.

Nilitaka kulitundika sebuleni karibu na picha yake. Na kwa kuwa lingekaa ukutani, nilitaka liwe safi. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na sidhani niliwaza zaidi ya hapo. Tangu nikiwa kijana nilifundishwa kwamba chuma kichafu hakishiki; kabla ya kukichomelea unakisugua mpaka kiwe cheupe. Nilifunga brashi ya waya kwenye grainda, nikaanza na upande wa chini. Makombo yaliruka kwanza. Halafu weusi ukaanza kutoka kama vumbi laini, ukanijaa kwenye mikono na kifuani. Nilifanya kazi hiyo tangu asubuhi hadi saa saba. Nilimalizia kwa msasa kwenye pembe. Lilipokwisha liling'aa kama siku niliyolikata, ukaweza kuona mistari ya nyundo yangu ya mwaka wa 1993. Nilifungua mkebe wa rangi ya fedha.

Kavutha alikuja na chakula changu. Aliweka bakuli chini kabla ya kufika.

"Makau, hiyo ni nini?"

"Geti la Mbithe. Nimelisafisha."

Alipitisha kidole ndani, akakitazama kidole.

"Kwani ulidhani ule ni uchafu?"

Alinionyesha kile kidole.

"Ni mafuta, wewe! Ni mafuta ya dada yangu, ya miaka minane. Kila keki alipika iliacha kidogo hapo. Ndiyo ilikuwa inafanya isishike. Umeisugua yote?"

"Yote."

"Na hii rangi? Unataka kuipeleka wapi, maonyesho ya kilimo?" Aliketi juu ya pipa, akajifunika uso kwa leso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema.

Nilirudisha kifuniko cha mkebe. Nilikigonga kwa nyundo pande zote, taratibu, ili rangi isikauke. Nguo zangu zilikuwa nyeusi kwa mbele. Nilipozikung'uta, ule weusi ulipeperuka ukaenda upande wa barabara.

*

Jentrix alikuja kutupa pole siku ya Jumatano. Alikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo, mtu wa Kakamega, amepanga chumba mistari miwili ya nyumba kutoka kwetu. Alikunywa chai, akaomba nasi, akainuka. Alipofika mlangoni nikaona macho yake yakishuka chini ya meza, ambako kulikuwa na trei mbili za mayai na paketi za unga, na akayaondoa haraka.

Mutheu naye aliona. "Anti, si hivi vitu ni vyako?"

"Ziache tu, mamii. Pikeni, mkule."

Hapo nikakumbuka. Jentrix na Elphas wake walikuwa wameishi pamoja miaka sita, njoo-tukae, na sasa walikuwa wanabarikiwa ndoa katika kanisa la Kajiado, ambako Elphas alifanya kazi. Tarehe thelathini, Jumamosi. Mbithe alikuwa amekubali kuwapikia keki tatu. Alikuwa ameizungushia tarehe hiyo kalamu nyekundu kwenye kalenda, na kalenda ilikuwa ukutani juu ya kichwa changu.

"Usijisumbue, Baba Mutheu," Jentrix akasema. "Elphas anaweza kupitia Nairobi anunue ya duka. Watu wa kwetu wakishaona sukari juu hawaulizi."

"Mbithe alisema atapika," nikasema.

"Najua, lakini sasa..."

"Utapata keki zako."

Kavutha alinitazama. Yalikuwa maneno mengi zaidi niliyosema tangu mazishi. Sikujua nimeyasema kwa nini. Nilijua tu kwamba kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mbithe alikuwa bado hajakimaliza, na kwamba chombo chake nilikuwa nimekiharibu mimi.

Kavutha alikwenda kichinjioni akarudi na mafuta ya mkia wa kondoo. Siku nne tulilipaka geti mafuta hayo, tukalitia moto, tukalipangusa. Moshi ulijaa hadi majirani wakauliza tunachoma nini. Weusi haukurudi. Lilipata rangi ya hudhurungi yenye mabaka, kama ngozi ya mtu aliyeugua.

Keki ya kwanza tuliijaribu Jumanne ya wiki ya arusi, Kavutha akikisia wakati wa kugeuza. Iligandama kwa juu na kwa chini, tukafungua geti ikapasuka katikati, nusu huku, nusu kule.

"Angalau imegawanywa sawa," Kavutha akasema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Tuliendelea na mafuta siku mbili zaidi. Ijumaa asubuhi tukakoroga ya pili. Hapo kwa mara ya kwanza Mutheu akauliza jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu Jumatano ile.

"Baba, wewe ndiye utasikiliza, ama?"

"Kwani wewe hukufundishwa?"

"Mama alisema nisome kwanza. Alisema keki itaningoja." Alisema hivyo bila kuinua uso kutoka kwa bakuli. "Lakini alisema wewe unaisikia."

"Anaisikia," Kavutha akadakia. "Mbithe aliniambia mara nyingi. Alisema kwa hii dunia ni watu wawili tu wanaisikia."

Nilikuwa nimevaa saa. Niliinama juu ya jiko kama alivyokuwa akiinama yeye, nikaleta sikio karibu na chuma. Joto lilinipiga shavuni. Mvumo wangu ulikuwa palepale. Nilikuwa nimekadiria dakika kumi na mbili, kwa kukumbuka muda niliozoea kumwona ameinama hivyo. Niliiba macho kwenye saa. Zilipotimia nikainuka.

"Imenyamaza," nikasema.

Niliikamata mikono yote miwili, nikapindua. Uji wa manjano ulitoka kwenye bawaba ukamwagika juu ya makaa, yakatoa mlio ambao hata mimi niliusikia. Nyumba ikajaa harufu ya mayai yaliyoungua. Kavutha alikimbiza jiko nje akilalamika kwamba hilo si geti, ni bomba la maji, na kwamba Elphas apigiwe simu sasa hivi apitie Nairobi kabla maduka hayajafungwa.

Mutheu alikuwa akinitazama mkono. Nilipofuata macho yake nikaona alikuwa akitazama saa.

Mayai yalibaki ya keki tatu kamili.

"Mutheu," nikasema. "Mimi sisikii."

"Kwa sababu ya makelele ya Anti?"

"Sisikii kabisa. Sijawahi kuisikia. Mama yako aliniuliza nikamwambia ndiyo."

Kavutha alikuwa amesimama mlangoni na koleo mkononi. Nilingoja aongee.

"Lini?" Mutheu akauliza.

"Ulikuwa na miaka kumi na moja."

"Na hukumwambia?"

"Sikumwambia."

Alifuta mikono yake kwenye aproni ya mama yake, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atatoka nje. Nilidhani pia kwamba ningemwacha atoke, nikae pale nilipo, na kwamba nisingehisi lolote. Lakini alichukua bakuli safi.

"Anti, rudisha jiko."

"Mutheu, mwanangu, muda umeenda..."

"Rudisha jiko, halafu tafadhali unyamaze."

"Ninyamaze?"

"Kabisa. Hata usiimbe."

Kavutha alirudisha jiko, akaketi kwenye kigoda, akajiziba mdomo kwa leso kama mtu anayepita mahali penye harufu. Mutheu alikoroga. Nilipaka geti mafuta. Alimimina, nikafunika, nikatelezesha pete. Kisha akasukuma kitambaa cha kichwa nyuma, akainama.

Sikujua kwamba angeinama vilevile. Hakuna aliyemfundisha. Bega la kushoto chini, mkono mmoja nyuma kushika gauni lisiguse moto. Nilitazama mahali pengine, nikatazama kalenda.

"Kuna kitu?" nilimuuliza baada ya muda.

"Ngoja." Halafu, "Kuna kitu. Ni kama mvua kwa mabati ya mtu mwingine. Mbali."

"Ndiyo hiyo inaongea?"

"Sijui. Sijawahi kuisikia, Baba."

Tulingoja. Sikutazama saa, niliivua nikaiweka mfukoni. Nje kuna ng'ombe walipitishwa kwenda sokoni, najua kwa sababu niliona vumbi dirishani, na Mutheu alikunja uso mpaka walipokwisha.

"Inapungua," akasema. Kisha, "Ni moja moja sasa." Kisha akainua kidole.

"Imenyamaza?"

"Geuza."

"Una hakika?"

"Baba, geuza."

Niligeuza. Nililiweka geti motoni upande wa pili, tukatazama bawaba sote watatu. Hakikutoka kitu. Kavutha aliondoa leso mdomoni, akaona macho ya Mutheu, akairudisha.

Ilipoiva tulifungua. Iliacha ngozi kidogo upande mmoja, na ilikuwa imepauka, imeinama kidogo kama kilima. Lakini ilikuwa keki. Tukapika ya pili, na ya tatu. Jua lilipoanza kushuka kuelekea milima ya Ngong zilikuwa tatu juu ya meza zimefunikwa kitambaa, na Kavutha akaruhusiwa kuongea.

"Nilikuwa nataka kusema tangu ile ya kwanza," akasema, "kwamba mmesahau chumvi."

*

Gichuru alitupeleka Kajiado kwa pikapu yake, keki zikiwa mapajani mwetu. Jentrix alikuwa na mwanamke wa kupaka sukari, na sukari ikaficha kilima na ngozi iliyotoka. Kwenye sherehe shangazi mmoja wa Elphas alikula vipande vitatu akasema hivi ndivyo keki za oveni za stima zinavyokuwa. Jentrix alinitazama kutoka meza ya maarusi, akaweka mkono kifuani.

Oyoo alikuwepo. Alinijia, akanishika mkono kwa muda mrefu, akaniuliza kama ningependa kuonyeshwa mahali pale. Nilimfuata nyuma ya kanisa. Benchi lilikuwa la mbao, limeegemezwa ukutani mwa jikoni, kwenye kivuli. Watoto watatu walikuwa wameketi hapo wakila keki, wakining'iniza miguu. Oyoo alitaka kuwaondoa. Nilimwambia awaache.

Nimejiuliza mara nyingi kama Mbithe alijua. Mwanamke anayesikia keki ikinyamaza ndani ya chuma, ni vigumu kuamini hakujua kwamba mume wake hasikii akiitwa. Labda aliposema "hata yeye anaisikia" alikuwa akinifunika mbele za watu. Labda aliamini tu. Hakuna wa kuuliza. Na jambo hili halinilizi, ingawa nimengoja linilize.

Hii ni 2009. Kitengela imejaa. Kuna maduka ya keki mawili kwenye barabara kuu na taa ndani ya kabati za vioo. Nimefunga karakana kwa sababu ya masikio. Sasa mtu akizungumza nami lazima asimame mbele yangu. Geti sikulitundika. Liko jikoni, na weusi umerudi karibu wote. Pamebaki kipande kimoja kando ya bawaba, ukubwa wa kijiko, ambacho brashi ilikula sana, na hapo mafuta hayajakubali.

Mutheu anafundisha shule ya nasari kule Kajiado. Kwake ana jiko la gesi lenye oveni, lakini zile keki tunazoagizwa huja kuzipikia hapa, kila Ijumaa alasiri, akiwa na mayai kwenye kikapu. Anakoroga, namimina. Anainama. Mimi nakaa upande wa pili wa jiko, nikiwa nimeishika mikono ya geti, na namtazama mdomo.

"Imenyamaza?" namuuliza.

Ananiambia. Ndipo nageuza.